Gari Lililonyweshwa Oili ya Magari Yote

Bolti ya mwisho inagoma.

Scola Mayige amelala chali juu ya gunia, chini ya kipanya cheupe, basi dogo la abiria, kilichoinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo. Mkono wa kushoto umeshikilia sampo, lile sinia la bati linalofunika tumbo la gia boksi, ili lisianguke na oili yote iliyomo. Mkono wa kulia unaipapasa bolti mpaka spana inakaa sawasawa. Anasukuma. Bolti inalia kidogo, kisha inatulia palepale.

"Mayu, nikushikie sampo?" anauliza kijana aliyechuchumaa pembeni, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nishikie ulimi wako tu."

Watu waliokuja kupiga soga wanacheka. Kijana hacheki. Wala mzee aliyechuchumaa upande wa pili wa tairi hacheki. Wote wawili wanatazama mahali pamoja, chini ya gari, na tangu wafike hapa asubuhi hawajatazamana wao kwa wao.

Kijana ni Nathanael Sayi, anayeendesha kipanya hiki kati ya Bariadi na Lamadi. Mzee ni Bundala Salu wa Nkoma, mwenye kipanya. Tangu juzi gari halipandi gia ya pili. Injini inanguruma, gari linatetemeka kama mwenye homa, halafu linabaki likisota barabarani huku abiria wakipitwa na baiskeli. Kila mmoja ana maelezo yake. Wamekubaliana jambo moja tu: fundi Scola afungue, aangalie, aseme.

Akisema gari limeuawa na uzembe wa dereva, Nathanael atarudisha ufunguo leo hii na kuongeza juu yake ng'ombe wake wanne walioko Mkula kwa mama yake. Hana wengine.

Bolti inaachia.

Gereji ya Scola iko mjini Bariadi, kando ya barabara ya kwenda kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Haina ukuta. Ina paa la mabati yaliyochakaa, meza ya mninga iliyolowa grisi, na uzio wa fenda za malori yaliyokufa zamani. Huu ni msimu wa ununuzi wa pamba. Malori yanapita yamejazwa kupita kiasi, na nyuzi nyeupe zinabaki zimenasa kwenye miiba ya michongoma mpaka mbele ya karakana ya jirani yake Constantine, mchomelea vyuma.

Ni Constantine anayeanza utani.

"Mzee Bundala, huyu ng'ombe wako akishindikana, hata utumbo wa kukaanga hatupati!"

"Cheka tu," mzee anamjibu bila kugeuka. "Hujawahi kukabidhi mali wewe. Mali yako yote unaivaa."

Maneno hayo ya kukabidhi si ya mzaha, na ndiyo yanayolifanya shauri hili liwe zito. Bundala hakumwajiri Nathanael. Alimkabidhi gari kwa utaratibu uleule ambao wafugaji wa huku wamekabidhiana nao ng'ombe tangu enzi za babu zao. Mwenye mifugo mingi humpa rafiki au mtoto wa rafiki ng'ombe wa kutunza. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe.

Mwaka juzi Bundala aliuza sehemu ya zizi lake, akaenda Mwanza na mwanawe, akarudi na kipanya cha mtumba kutoka Japani. Hajui kuendesha. Alimtafuta mtoto wa marehemu Sayi, mwenzake wa kuchunga ng'ombe utotoni, akamwambia: "Maziwa yako, ng'ombe wangu." Maziwa ni nauli. Kutokana na nauli hizo Nathanael hununua mafuta na matairi, hutengeneza kinachoharibika, na kinachobaki humlisha yeye, mkewe Evalina na watoto wao. Faida ya Bundala ni kuwa na gari, na kusafirishwa yeye na jamaa zake siku ya msiba au harusi.

"Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, naletewa ngozi," Bundala anaeleza kwa sauti ya chini, akichora mavumbini kwa ncha ya fimbo. "Naitandaza, naikagua. Akifa kwa ugonjwa, ngozi inasema. Akichomwa mkuki, inasema. Sasa gari halina ngozi. Ndiyo maana nimekuja kuona mwenyewe."

Scola anatoka chini ya gari akiwa amebeba sampo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Anaiweka juu ya meza. Watu wanasogea. Anawarudisha nyuma kwa kiwiko.

Oili ya gia boksi za otomatiki ikiwa mpya ni nyekundu kama juisi ya rozela. Hii ni ya hudhurungi. Scola anachovya kidole, anasugua kwa kidole gumba, ananusa. Anachukua sahani nyeupe ya bati, anadondosha tone moja, anainamisha sahani na kulitazama likiteremka. Anamsogezea Bundala sahani.

Mzee ananusa. "Maziwa yaliyoungua."

"Ndiyo, baba. Imeungua."

"Kwa hiyo amelibebesha mizigo." Kwa mara ya kwanza anamtazama Nathanael. "Nilisikia. Watu wa Lamadi waliniambia. Magunia ya dagaa juu, abiria wamekaa mapajani. Maziwa hayakukutosha, ukakamua na damu."

"Nilibeba kama wanavyobeba wenzangu, baba."

"Wenzako wamekabidhiwa na mimi?"

Constantine, ambaye sasa ameacha kuchomelea kabisa, anacheka peke yake na kunyamaza anapoona hakuna anayemfuata.

Ndani ya sampo, chini ya oili, kuna sumaku ndogo za kunasa vumbi la chuma. Scola anazing'oa moja moja na kuzifuta kwa kitambaa cheupe. Kuna uji wa kijivu, laini kama masizi. Huo ni wa kawaida kwa gari lenye umri wake. Kinachomfanya aiinamie sampo ni kingine: chembe nyeusi, nyepesi, zilizotapakaa sakafuni mwa sampo kama machicha ya majani ya chai.

"Hizi ni za sahani za klachi, zile za humo ndani," anasema. "Zimeanza kulika. Zimeanza tu, hazijaisha."

"Nani amezila?" Bundala anauliza.

"Sampo inaniambia nini kimetokea, baba. Hainiambii nani."

Jibu hilo halimridhishi mzee. Kila aliyepo anaelewa kwa nini. Jumamosi wazee wa ukoo watakaa Nkoma, na watauliza swali moja tu: fundi alisemaje? Nathanael amekaa kwenye tairi kuukuu, viganja vimebanwa katikati ya magoti.

Scola alizaliwa Mkula, kwa wafugaji, akaja Bariadi akiwa binti kufanya usafi katika gereji ya chama cha ushirika. Wakati ule, anasema, kukosea oili kulikuwa kugumu. Stoo ilikuwa na mapipa mawili: la injini na la gia. Malori yote yalikuwa ya namna moja, na fundi mkuu alikuwa mkali.

"Kazi yangu ilikuwa kupiga deki. Lakini walipokuwa wanafungua kitu nilikuwa napiga deki palepale, taratibu sana," anasema, na tabasamu la kwanza la siku linapita usoni mwake. "Wakachoka kunifukuza, wakaanza kuniagiza spana."

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kilipungua nguvu. Malori yakasimama yalipokuwa, na wafanyakazi wakaenda nyumbani. Scola alichukua sanduku la spana alilouziwa kwa bei ya kutupa. Alidhani atatengeneza baiskeli.

Badala yake yalikuja magari. Wanunuzi wa pamba walikuja na magari madogo ya mitumba kutoka Japani na Dubai, mengi hayana pedali ya klachi. Madereva waliozoea malori walikanyaga hewa kwa mguu wa kushoto. Mafundi wengi waliyakataa. Mnunuzi mmoja lilipomfia gari kijijini aliliacha, akaondoka na basi. Scola aliinunua gia boksi yake kama chuma chakavu, akaifungua juu ya mkeka nyumbani kwake, akapanga kila kipande kwa jinsi kilivyotoka, akakirudisha. Alipomaliza, vipande viwili vilibaki nje. Akafungua tena.

"Niliifungua mpaka mkeka ukaoza," anasema. "Sijasomeshwa na mtu. Nilisomeshwa na ile maiti."

Siku hizi ni yeye ambaye wenye otomatiki wa Bariadi, Maswa mpaka Malampaka humtafuta. Msimu wa pamba hukosa muda wa kula. Masika, barabara zikikatika, hupitisha wiki nzima akisuka mikeka.

Asubuhi hii, kabla hajalala chini, alifanya jambo ambalo wengi waliliona dogo. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakipeleka juani. Akamwita Bundala na Nathanael wote wawili wakitazame.

Oili ilikuwa imepanda juu sana kupita alama.

Sasa analirudia jambo hilo, akiwa anapangusa mikono.

"Mimi nilibadilisha oili ya gari hili mwaka jana. Nilijaza mpaka kwenye alama. Gia boksi haizai oili. Ikipungua, imevuja. Ikiongezeka, mtu ameongeza." Anamgeukia Nathanael. "Nani aliongeza?"

Nathanael anageuza uso barabarani.

"Nathanael. Nakuuliza."

"Mimi."

"Uliongeza nini?"

"Oili."

"Oili ipi?"

Nathanael anatazama chini. Bundala anagonga fimbo yake kwenye tairi. "Si mmesikia? Amesema mwenyewe. Nyie ni mashahidi. Ameokota uchafu huko Lamadi akamnywesha ng'ombe wangu."

"Baba, subiri kidogo," Scola anasema.

"Nisubiri nini? Ngozi imesema!"

"Bado haijamaliza."

Hapo ndipo ugumu wa kazi yake ulipo. Ndani ya gia boksi ya otomatiki hakuna mguu wa mtu unaokanyaga klachi. Kuna sahani za chuma, na kati yake sahani nyingine zilizovikwa kitu kama karatasi ngumu. Oili ikisukumwa, sahani zinabanana na gari linakwenda. Oili hiyohiyo ndiyo inayoamua zibanane vipi.

"Kiwanda hiki kinataka zishikane taratibu, kile kinataka zishikane mara moja," Scola anaeleza. "Oili ndiyo inayozisubirisha au kuzikimbiza. Ukiweka isiyo yake, sahani zinateleza pale zilipotakiwa kushika. Zikiteleza zinapata moto. Zikipata moto zinaungua. Na ukizidisha kipimo, oili inapigwapigwa humo ndani mpaka inatoa povu. Povu halisukumi kitu."

Kwenye kijiti cha kupimia cha kipanya hiki kiwanda kimechonga aina moja tu ya oili. Huipati Bariadi. Scola huiagiza Mwanza, nayo huja kwa basi. Kinachopatikana Bariadi, kwenye karibu kila duka la spea, ni oili iliyoandikwa kwamba inafaa otomatiki za magari yote. Bei yake haifiki nusu ya ile ya kiwanda.

Ng'ambo ya barabara, Januarius Maganga anaiuza katika duka lake, imepangwa dirishani kwa safu nyekundu. Hamkwepi mtu anayemuuliza.

"Nauza kilichoandikwa kwenye dumu," anasema. "Waliotengeneza wameorodhesha magari mengi, na mengi yanakwenda nayo vizuri. Mtu akija hapa gari lake limevuja njiani, nimwambie alale porini asubiri basi la Mwanza? Lakini sijawahi kumlazimisha mtu."

Scola hamlaumu. "Januarius hasemi uongo. Kuna mwalimu hapa ana gari la zamani, linakwenda na oili hiyo mpaka leo, wala halijakohoa. Oili si mbaya. Lakini dumu linasema yote, kijiti kinasema moja. Wote wawili wameandika. Mimi namsikiliza aliyetengeneza sahani."

Anarudi kwa Nathanael na kuchuchumaa mbele yake, macho yao yakilingana.

"Mdogo wangu, mimi siulizi ili nikufunge. Nikishajua ni oili gani, nitajua pa kuanzia. Kama uliweka oili ya injini, dawa yake ni nyingine. Kama ni oili ya breki, nakwambia sasa hivi kwaheri. Dumu liko wapi?"

Nathanael anainuka, anafungua mlango wa pembeni, anainama chini ya kiti cha nyuma. Anatoka na vidumu vitatu vyekundu vya lita moja moja, vitupu, vimesafishwa. Vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani iliyosokotwa kwa mkono, yenye kitanzi kirefu cha kuning'iniza kwenye usukani wa baiskeli.

Anaviweka mezani kando ya sampo.

Scola anasoma maandishi, anatikisa kichwa. Ni ileile ya magari yote. Ni Bundala ambaye hatazami maandishi. Anatazama kamba. Anaishika, anaigeuza, anaupapasa usokoto wake kwa kidole. Hapa Bariadi kamba za dukani ni za nailoni; hii aliisokota mwenyewe.

"Hivi vidumu…" anaanza.

Mfugaji anapokwenda kumwona ng'ombe wake aliyekabidhiwa mtu, haendi mikono mitupu. Humpelekea ng'ombe chumvi. Ni salamu kwa mnyama na heshima kwa anayemtunza, na mtunzaji hairudishi wala haiachi ikae. Kuikataa chumvi ya mwenye mali ni kumwambia kwamba hamwamini, au kwamba ng'ombe hayupo tena.

Bundala amekuja kuliona gari lake mara tatu tangu pamba ipandwe. Kila mara, kabla ya kufika stendi, alipita dukani akauliza gari la otomatiki hupelekewa nini. Kila mara akaondoka na kidumu kimoja, ndiyo chumvi ya gari.

"Wewe ndiye uliyemimina?" anamuuliza Nathanael. Sauti imeshuka.

"Ndiyo, baba."

"Vyote?"

"Nisingeviweka ndani, ungeviona vimejaa. Ungesema nimedharau."

"Fundi hakukukataza?"

"Alinikataza. Aliniambia hii ya Mwanza tu, usichanganye." Nathanael anaonyesha vidumu kwa kidole. "Lakini ulinipa wewe, baba. Ningesemaje? Nikuambie chumvi yako mbaya?"

"Na leo? Nimekutukana hapa tangu asubuhi. Watu wote wanasikia. Umekaa kimya."

Nathanael anatazama watu waliosimama, halafu anatazama miguu yake. "Wewe ulikuwa mwenzake baba," anasema.

Lori la pamba linapita, vumbi linaingia chini ya paa, na Scola anaifunika sampo haraka kwa kipande cha turubai. Mzee anabaki amesimama, kamba mkononi, mpaka vumbi linatua.

"Chumvi haiui ng'ombe," anasema mwishowe, si kwa ubishi sana, kama mtu anayeuliza.

"Haiui, baba," Scola anamjibu. "Lakini chumvi hiyohiyo mwagie kuku kwenye pumba. Kesho asubuhi unaokota mizoga."

Mzee anaguna. Kila mtu huku amewahi kupoteza kuku kwa namna hiyo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua."

"Sijasema limekufa."

"Sema basi! Tangu asubuhi unanizungusha, ng'wana Mayige. Limekufa au halijafa?"

Scola anakwangua sakafu ya sampo kwa ukucha, anazikusanya zile chembe nyeusi kwenye kiganja, anazipima kwa macho. Anaingia tena chini ya gari, anatazama juu, ndani ya tumbo lililo wazi, ambamo oili bado inadondoka tone kwa tone. Anapotoka, jibu lake halimpi mtu yeyote alichokuwa anataka.

"Sijui," anasema. "Chembe ni chache. Zingekuwa nyingi ningewaambia mkatafute nyingine. Ninaloweza ni kuosha, kuweka oili yake, kuendesha, kumwaga, kuweka tena, mpaka hiyo nyingine itoke. Ukimwaga mara moja, zaidi ya nusu inabaki imejificha mbele kule, kwenye bakuli linalozunguka na injini. Tukifanya hivyo, sahani zikakubali kushika, gari litaishi. Zikikataa, zimeshaungua mno. Kwa sasa naona ni nusu kwa nusu."

"Na wazee wakiuliza Jumamosi?"

"Nitasema nilichokiona. Oili isiyo yake, na kipimo kilichozidi. Sikuona alama ya mkuki."

Bundala anakaa kwenye tairi alilokuwa amekalia Nathanael. Anavua kofia, anaiweka gotini. Hajasema kwamba amekosea, na hakuna anayeonekana kumsubiri aseme. Januarius amevuka barabara na amesimama mlangoni mwa Constantine, mikono mfukoni, akisikiliza.

"Ile ya Mwanza," mzee anamuuliza Scola, "inakuja lini?"

"Nimeshaagiza. Basi la kesho, Mungu akipenda. Itafika mchana."

"Leo tufanye nini?"

Scola anamtupia kitambaa. "Leo tunaosha. Shika sampo, baba. Ukiiachia, unaanza upya."

Na hivyo mchana unaingia jioni. Bundala ameishikilia sampo juu ya magoti, wima kama mtu anayemshikilia ndama anywe dawa, huku Nathanael akiikwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzibia, kwa wembe, ukingo kwa ukingo. Mara mbili wembe unateleza karibu na kidole cha mzee.

"Angalia, bwana. Hicho nacho ni mali yangu."

"Nimekiona, baba."

"Ulitaka unipunguze ili Jumamosi nisiweze kuhesabu."

Nathanael anacheka, kidogo, puani. Ni mara ya kwanza leo. Lakini kila anapopita nyuma ya gari anaweka mkono kwenye bodi na kuuacha hapo, na mtu akimtazama anauondoa.

Scola ameufungua mtambo wa njia za oili, bamba zito la chuma lenye vijia vilivyopindana kama mapito ya mchwa, na anaupuliza kijia kwa kijia kwa pampu ya baiskeli. Vijispringi amevitandaza juu ya kanga kwa mpangilio wake na haruhusu mtu apite upande huo wenye upepo.

Anapofanya kazi anazungumza kuhusu anachokitaka. Hataki gereji kubwa. Anataka kabati moja la chuma lenye kufuli, ambalo ndani yake aina zote za oili zinazotakiwa na magari ya Bariadi zitakuwepo, hata dumu moja moja. Amemwomba Januarius wachangie mtaji. Januarius anasema aina ni nyingi mno na wateja wanaangalia bei. Hawajaafikiana, ila leo Januarius ameuliza kipanya hiki kinatumia aina gani, akarudia jina lake mara mbili kwa sauti ili alikariri.

"Watu wanataka kitu kimoja kinachofaa vyote," Scola anasema. "Hata mimi ningekipenda. Maisha yangekuwa rahisi. Labda iko siku watakitengeneza kweli. Lakini gari la Nathanael haliwezi kusubiri siku hiyo, linataka oili yake, na linaitaka kesho."

Jua limeshuka nyuma ya bomba la jineri. Scola anaupandisha ule mtambo mahali pake na kuushika kwa bolti chache, kwa mkono tu, bila spana. Chini yake anafunga sampo tupu, iliyosafishwa mpaka inang'aa, ili vumbi la usiku lisiingie. Gasketi mpya bado inalowekwa, haijafungwa. Bolti zinazobaki anazitia kwenye bakuli, na bakuli analiingiza ndani ya sanduku la spana.

"Mtu asiwashe," anawaambia. "Hata kujaribu. Kwenye sampo hakuna oili. Ukiwasha, mzunguko mmoja tu, hata ile nusu yenu ya bahati imekwisha."

"Ufunguo anao nani?" anauliza Bundala.

Nathanael anautoa mfukoni. Anamnyooshea mzee kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Mzee anautazama. Hapokei.

"Kaa nao," anasema. "Mwambie Evalina aongeze unga. Nkoma ni mbali, na kesho nataka kuwepo litakapowashwa."

Wanaondoka kwa miguu kuelekea mjini, kijana mbele kidogo akitafuta njia isiyo na mashimo. Scola anawatazama, halafu anapiga magoti, anaingiza mkono chini ya kipanya, na kuipapasa sampo pande zote nne kuona kama imekaa. Upande mmoja una mwanya. Anafikiria kufungua tena, anatazama anga, anauziba kwa kitambaa.

"Hilo nitaanza nalo asubuhi," anasema.